Mmiliki wa Hatari

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo pale pale, ambayo jina lake halitajwi. Si kwamba lina mkosi. Halitajwi kwa sababu ndilo nywila.

Ilikuwa hivi. Siku ya kuzindua Bwawa la Shukrani, mafundi walimwomba Mheshimiwa Kiongozi Mkuu achague nywila, yaani lile neno la siri ambalo lisipoandikwa kwenye kompyuta, malango ya bwawa hayafunguki wala hayafungiki. Mheshimiwa alisimama jukwaani mbele ya watu elfu thelathini, akavuta kipaza sauti, akatamka kwamba kwake yeye hakuna neno tamu kuliko jina la taifa hili, basi nywila na iwe hilo. Watu wakapiga makofi dakika kumi na moja. Neno la siri likachongwa kwenye jiwe la marumaru pale langoni, kwa herufi za dhahabu, ili vizazi vijavyo visije vikalisahau.

Miaka mitatu baadaye wakaja wakaguzi kutoka ng'ambo, wakakagua, wakaandika sentensi moja: nywila haipaswi kuwa kitu kinachojulikana na kila mtu. Kamati ya Taifa ya Kudhibiti Hatari za Mitandao ikakaa kikao cha siku nne. Kubadili nywila hakukuwezekana, maana ingekuwa ni kumsahihisha Mheshimiwa. Ikabaki njia moja tu, nayo ni kuhakikisha kwamba kila mtu haijui.

Kazi hiyo akapewa Koplo Tindo. Jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika. Alibaki na la tindo, ile ya waashi, aliyoichomeka kwenye mkanda upande wa kushoto, na nyundo upande wa kulia. Alianza na jiwe la marumaru, akalikwangua. Akaingia kwenye ramani, vitabu vya shule na pasi za kusafiria. Kisha akaingia vinywani. Mtangazaji wa mpira aliyeropoka jina la nchi timu ilipofunga bao alitolewa kibandani akiburutwa kwa miguu, na meno yake manne ya mbele yakabaki mezani kando ya kipaza sauti, mpira ukiendelea. Bibi mmoja aliyelitaja katika dua ya kuiombea nchi amani alivunjwa taya mikono yake ikiwa bado imeinuliwa. Wimbo wa taifa uliendelea kuimbwa kama kawaida, ila mahali pa jina watu walikohoa. Wageni waliambiwa kwamba wananchi wana kifua.

*

Katika nchi hiyo aliishi binti mmoja. Tumwite Siwema, jina lake halisi tuliache kwanza, sababu itajulikana. Alikuwa na stashahada ya uhazili, vidole vyepesi, na mama mzazi aliyefuga bata katika mji wa Vidimbwini, chini kabisa ya ukuta wa Bwawa la Shukrani, pamoja na watu wengine elfu tisa.

Shirika la Mabwawa lilimwajiri kuwa Afisa Hatari Daraja la Tatu. Daraja la kwanza na la pili yalikuwa wazi, kwa kuwa waliokuwa nayo walithubutu kufanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kujaza Rejesta ya Hatari, daftari kubwa lenye jalada jekundu, walilolileta wale wale wakaguzi. Unaandika hatari, unaandika ukubwa wake, unaandika namna ya kuishughulikia: kuipunguza, kuihamisha au kuikubali. Safu ya mwisho iliandikwa Mmiliki wa Hatari. Wakaguzi walimaanisha mtu aliyekabidhiwa kuiangalia hatari hiyo isilete madhara. Lakini Kamati ilisoma kwa Kiswahili chake. Mmiliki wa bunduki bila kibali hukamatwa, mmiliki wa gongo hukamatwa. Itakuwaje basi mmiliki wa hatari, tena hatari kubwa, aachwe anatembea mjini?

Wa kwanza kuijaza safu hiyo alikuwa Mwalimu Gwandu, mzee aliyewafundisha nusu ya wahazili wa nchi kupiga chapa. Aliandika: nywila inajulikana na watu wengi; ipunguzwe; mmiliki, Gwandu Masanyiwa. Koplo Tindo alifika saa nne asubuhi na kuuliza mmiliki ni nani. Mwalimu akanyoosha mkono, akitabasamu, akidhani ni semina. Mkono huo huo ukawekwa mezani. Hatari ikapunguzwa vidole vitatu, na meno sita kwa tahadhari. Shirika, kwa huruma yake, halikumfukuza. Lilimpa birika akawa mgawa chai.

Tangu siku ile rejesta ilikaa tupu, ukurasa kwa ukurasa. Kwa miaka mitano mfululizo nchi ilipata ngao kwa kuwa taifa pekee duniani lisilo na hatari hata moja.

*

Siku moja ya Ijumaa mama yake Siwema alipiga simu kazini.

"Leo wamekwenda wawili."

"Kina nani, mama?"

"Bata, mwanangu. Maji yanakuja Ijumaa saa tatu, yanabeba bata, yanarudi kwao. Wiki ya nne hii. Yana adabu ya saa kuliko daktari wetu."

Siwema alishuka mpaka chumba cha mitambo. Msimamizi wa zamu, Bwana Mandwa, kijana wa kunyoa ndevu vizuri, alikuwa anamenya karanga mbele ya skrini.

"Lango la nne lilifunguliwa leo?"

"Kidogo tu, dada. Kiasi cha kiganja. Huwa anabisha hodi kwanza."

"Nani anabisha hodi?"

"Mgeni. Humu kwenye skrini. Anaandika hodi, sisi tunaandika karibu, anafungua kidogo, anafunga, anaaga."

"Bwana Mandwa, unamkaribisha mdukuzi?"

"Sasa mtu kabisha hodi, nimkalie kimya? Ninyi kwenu hamkufundishwa?"

Siwema akasogea, akasoma alichoaga nacho mgeni asubuhi hiyo. *Nywila yenu anaijua kila mtu, hata mimi nisiye wa huko. Ijumaa ijayo nafungua malango yote. Ahsanteni kwa ukarimu.*

Alihesabu: siku saba, watu elfu tisa, mama mmoja.

*

Mkurugenzi Mabruki alimsikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho, kama mtu anayenyolewa.

"Nani mwingine anajua habari hii?"

"Mdukuzi mwenyewe, Mkurugenzi."

"Huyo hayumo kwenye muundo wetu wa utumishi. Nauliza watu."

"Mkurugenzi, nywila ibadilishwe. Ni kazi ya dakika moja, inahitaji dole gumba la Mheshimiwa Waziri kwenye mashine, basi."

"Andika kwenye rejesta."

"Mmiliki nimwandike nani?"

Mkurugenzi akafumbua macho. Nje, birika la Mwalimu Gwandu lilisikika likigonga vikombe, kwa kuwa mkono wenye vidole viwili hauna utulivu.

"Binti," Mkurugenzi alisema kwa upole, "hapa hakuna aliyesema neno mmiliki."

Hata hivyo hakukaa bure. Mchana huo huo alimwagiza Koplo Tindo azipitie kibodi zote za Shirika na kung'oa vitufe vya herufi zinazounda jina la nchi, ili hata mtu akiijua nywila asiweze kuiandika. Tindo ilifanya kazi. Vitufe viliruka kama punje za mahindi. Siwema alitazama kibodi yake yenye mapengo, akarudi kwa Mkurugenzi.

"Mkurugenzi, mapengo haya yanasomeka. Yeyote akiyaangalia anajua ni herufi zipi."

Mkurugenzi aliisukuma kibodi yake mwenyewe ukingoni mwa meza.

"Basi zing'olewe zote."

Zikang'olewa zote. Kule chumba cha mitambo Bwana Mandwa alicheka, si sana, puani tu. Koplo Tindo alimkalisha, akampanua mdomo kwa kidole gumba, akamtoa meno mawili ya juu ili afanane na kibodi yake.

*

Alhamisi Kamati ya Taifa ilikutana. Siwema aliitwa kueleza, na pamoja naye alikuja shahidi, mlinzi wa bwawa aitwaye Mzee Lukwaro, aliyeliona lango la nne likipanda kwa macho yake mwenyewe.

Waziri wa Utulivu wa Mitandao, Mheshimiwa Sifaeli Kongoti, alifungua kikao kwa hotuba.

"Ndugu wajumbe, maadui wanasema tunadukuliwa. Nasema, na niandikwe nilivyosema: nchi yetu ya..." Akakohoa. Wajumbe wote wakakohoa naye kwa heshima. "Nchi yetu haidukuliwi. Ikibidi kudukuliwa, tutajidukua wenyewe, kwa wataalamu wetu wenyewe, kwa mujibu wa sheria." Makofi. "Haya. Ni nani huyu mwenye taarifa za lango?"

Mzee Lukwaro alivua kofia. "Mimi, Mheshimiwa. Nililiona."

"Wewe ndiye uliyeliona."

"Mimi mwenyewe."

"Kwa hiyo hii hatari unayo wewe."

Mzee akamtazama Siwema. Siwema alikuwa na kalamu mkononi na rejesta magotini, wazi, ukurasa mweupe. Ilitosha aseme neno moja, mimi. Akaifunika kalamu.

Kamati ikaamua hatari ihamishwe. Mzee Lukwaro alitiwa kwenye buti la gari la serikali, akapelekwa mpaka mpakani, akatupwa upande wa jirani, na miguu yake yote miwili ikavunjwa magotini ili asiirudishe hatari nyumbani. Katibu aliandika kwamba kikao kilifungwa kwa sala.

Jioni ile Siwema alimpigia mama yake.

"Ondoka huko. Ondoka leo, acha kila kitu."

"Na hawa wengine niwaambieje?"

"Waambie maji yanakuja."

"Nimewaambia jana. Mwenyekiti wa mtaa akatangaza msikitini. Wakaja askari wakampiga kwa kueneza hofu, wakampiga mpaka jicho limetoka, mwanangu, nimelifunga mwenyewe kwa kanga. Sasa wamekaa barabarani, hatoki mtu. Wanasema anayekimbia ndiye anayejua." Mlango ukasikika ukifungwa. "Nimebakiwa na bata mmoja. Nimemtia ndani."

*

Ijumaa, saa tatu kasoro dakika tano, chumba cha mitambo kilijaa. Mkurugenzi alikuwepo, Siwema na rejesta yake, Bwana Mandwa na mdomo wake uliovimba, wakuu wa idara tisa, na Koplo Tindo mlangoni. Mwalimu Gwandu alikuwa pembeni akimimina chai, maana chai haikupata kuahirishwa katika nchi ile.

Skrini ikaandika: *Hodi.*

Bwana Mandwa akaionyesha kibodi isiyo na vitufe, akasema kwa mapengo, "Hata karibu hatuwezi kumwambia."

Lango la nne likapanda, na halikuishia kwenye kiganja. Likapanda lote. Kisha la tatu. Sakafu ikaanza kutetemeka miguuni mwao, na skrini ikauliza swali lake lile lile la siku zote: *Nywila?*

"Ifungeni," Mkurugenzi alisema. "Nywila ni ipi?"

Wakuu wa idara wakainamia vikombe vyao vya chai.

"Mkuu wa Mitambo."

"Mimi sikuwahi kuijua, Mkurugenzi. Nimezaliwa baada ya kufutwa."

"Una miaka hamsini na mbili."

"Kumbukumbu yangu ndiyo iliyozaliwa baadaye."

"Mhasibu."

"Niliijua zamani. Nikatubu."

Walikuwa watu kumi na watatu mle ndani, na neno lilikuwa limekaa kinywani mwa kila mmoja, limenona, limefika hadi kwenye meno. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa na wakwe Vidimbwini. Koplo Tindo akaingia hatua moja, akaitoa nyundo, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia:

"Kwani nani anaijua?"

Simu ya Siwema ilikuwa mezani, laini ikiwa wazi. Ilitoa sauti ya bata. Kisha sauti ya mama yake akiwaita majirani kwa majina, mmoja mmoja, wapande juu ya msikiti. Kisha mlio kama wa lori linalomwaga kokoto, na lori hilo halikwisha kumwaga.

Siwema akaifungua rejesta. Aliandika bila haraka, kwa mwandiko wa chuoni: *Hatari: nywila. Namna ya kuishughulikia: kuikubali. Mmiliki:* Akaandika majina yake yote matatu, lake, la baba na la babu, akapiga mstari chini. Kisha akavuta kiti mbele ya kibodi.

Vitufe havikuwepo, ila vijiti vyake vya plastiki vilikuwepo, vikali kama miiba, kila kimoja mahali pake. Enzi zake za kufundisha, Mwalimu Gwandu alikuwa akiwafunika macho wanafunzi kwa kitambaa, Siwema akiwa mmoja wao. Vidole vya Siwema havikuhitaji herufi. Akachoma ya kwanza, damu ikatoka. Akachoma ya pili.

Koplo Tindo aliruka juu ya kiti. Hapo ndipo Mwalimu Gwandu, aliyekaa kimya miaka mitano, alipolinyanyua birika kwa vidole vyake viwili na kiganja kizima cha kushoto, akalimwaga lote usoni mwa koplo. Chai ilikuwa imetoka jikoni dakika hiyo. Koplo alilia mlio ambao hakuna aliyepata kuusikia kwake; alizoea kuusikia kwa wengine. Akapiga nyundo kwa kubahatisha, akiwa haoni, ya kwanza ikapiga ukuta, ya pili ikampata Mwalimu sikioni. Mwalimu akaketi chini taratibu. Ya tatu na ya nne zilimkuta ameshakwenda.

Siwema hakugeuka. Alimaliza herufi ya mwisho, akagonga.

Malango yakashuka.

*

Vidimbwini walizikwa watu mia mbili na sita. Elfu nane na mia saba na ushei walikutwa hai, wengi juu ya mapaa, na mama yake Siwema juu ya msikiti akiwa amembana bata mmoja kwapani.

Taarifa ya Kamati ilitoka wiki iliyofuata, ikaeleza kwamba uchunguzi wa kina umembaini mtu mmoja aliyekuwa akiijua nywila siku ya tukio, na kwamba mtu huyo, kwa mwandiko wake mwenyewe, amekiri kuimiliki hatari.

Koplo Tindo alimshughulikia mwenyewe, nusu ya uso wake ikiwa bado imefungwa bendeji. Alikwenda kidole kwa kidole, mikono yote miwili, akiuliza kila mara:

"Nani mmiliki?"

"Mimi."

"Nani mmiliki?"

"Mimi."

Baada ya kidole cha kumi akamvunja taya, kwa sababu jibu lilikuwa halibadiliki.

Kamati, hata hivyo, haikuwa ya watu wasiosikia ushauri. Ilikubali, kwa kauli moja, kwamba nywila sasa ibadilishwe. Iwe neno gani? Neno ambalo hakuna mwananchi mwema atakayethubutu kulitamka, alisema Waziri, na kwa wakati huo neno la aina hiyo lilikuwa moja tu nchini. Mheshimiwa Kongoti akaweka dole gumba lake kwenye mashine, na jina la yule binti, jina lake la kwanza, likawa nywila ya Bwawa la Shukrani. Jiwe jipya la marumaru likachongwa.

Jina la nchi likatangazwa redioni kuwa huru. Wananchi waliombwa walitumie. Wakaendelea kukohoa, hawakutaka kujaribu. Mpaka leo watoto wa shule ukiwauliza wanaishi nchi gani, wanakohoa vizuri kabisa, kwa pamoja.

Yule binti mwenyewe gereza lilishindwa naye. Asubuhi wafungwa huitwa majina, na lake halikuweza kuitwa. Lilipaswa kuandikwa daftarini, na halikuweza kuandikwa. Mfungwa ambaye hayumo kwenye hesabu anaiharibu hesabu. Bwana Jela alimvumilia siku tisa, kisha akamweka nje ya geti, akafunga.

*

Miaka mitatu ikapita. Koplo Tindo, aliyepandishwa cheo kuwa Sajenti, alipata fununu kwamba neno lililokatazwa linasikika Vidimbwini. Akashuka huko asubuhi moja na askari wawili wapya, aliowafundisha mwenyewe, kila mmoja na tindo yake na nyundo yake.

Mtaa ulikuwa umejengwa upya kwa matofali mabichi. Mbele ya nyumba ya kwanza mama mmoja mtu mzima alikuwa anamwagia bata maji kwenye karai, na kando yake, kwenye mkeka, aliketi mwanamke mwenye taya lililoungana upande na vidole vilivyopinda kama mizizi ya tangawizi. Sajenti hakumtambua. Alikuwa ameshughulikia wengi.

Mlango wa pili ukafunguliwa, sauti ya mwanamke ikaita jina. Ikaliita wazi, bila kulipunguza, kama mtu anavyoita mtoto aje anywe uji. Vitoto vya kike vikatoka mbio, kimoja mlango huu, viwili mlango ule, vitano uchochoroni, kila kimoja kikiamini kimeitwa. Mwaka ule wa maji walizaliwa Vidimbwini watoto wa kike mia moja na arobaini, na mama zao hawakuwa wameulizana.

Sajenti Tindo akashika nyundo. Akamtazama mama wa bata.

"Hawa watoto wanaitwa nani?"

"Wapi, afande?"

"Hawa wote. Namtafuta mwenye jina."

"Jina lipi?"

"Lile."

"Afande, mtaa una watu. Yapo majina mengi. Wewe unamtafuta nani hasa? Taja tu, nikuitie."

Sajenti akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale, analijua vizuri, alikuwa ameliuliza kwa vidole kumi. Akakohoa.

"Pole kwa kifua," mama alisema, akiendelea kumwaga maji. "Haya, nani?"

Mwanamke wa kwenye mkeka aliinua uso. Vitoto vilikuwa vimemzunguka Sajenti, vikimtazama, vikingoja kuitwa.

Nyuma yake, wale askari wawili wapya walikuwa wamekaza macho kwenye midomo yake, kama walivyofundishwa. Mmoja alikuwa ameshaanza kuichomoa nyundo mkandani.